Majibu ya Ini na Lubisi ya Ukweni

Mmoja wenu, vijana wa maabara, alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza swali dogo kuhusu vipimo vya ini, nikamjibu kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Nilimsikia anavyohema akitafuta mahali pa kuniaga. Msimcheke. Mtu aliyestaafu akipigiwa simu ya kazi ni kama ng'ombe aliyeonyeshwa chumvi, hafukuziki kirahisi. Basi nimeona heri niandike, anayetaka asome, na anayechoka aweke chini bila kuhangaika namna ya kuaga.

Nilianza kazi ya maabara upande wa Murongo, enzi Kyerwa ikiwa bado ni sehemu ya Karagwe, nikamalizia Kayanga. Sasa naishi Bugene katika nyumba ya vyumba vinne na mtu mmoja. Mke wangu alifariki nikiwa bado kazini. Binti yangu Editha yuko Mwanza na wanawe, hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Nasema haya mapema ili mjue mnaongea na nani. Mimi ni mzee mpweke mwenye migomba, kahawa kidogo na maoni mengi.

Chuoni hakuna aliyewaambia kwamba kazi yetu ni ya upweke, maana wangewaambia mngesomea famasia. Muuguzi humjua mgonjwa kwa sura, daktari humjua kwa maneno yake, sisi tunamjua kwa kichupa. Mgonjwa akipona hupeleka mkungu wa ndizi kwa daktari, muuguzi akapewa kuku, na sisi tulio nyuma ya mlango ulioandikwa USIINGIE tunaishia kusikia harufu ya kuku huyo akikaangwa. Nimewahi kumpima mtu miaka na miaka, nikakutana naye sokoni Kayanga nisimjue. Akishataja jina, sukari yake na ini lake vinanijia kichwani hata kabla hajamaliza kuniamkia. Huwezi kumwambia unachokijua, naye hana habari kwamba unamjua kuliko shemeji zake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ansigari, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu na msamaha wa mbali. Mashine tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kusoma rangi. Unachanganya majimaji ya damu na dawa, unaweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, unakaa na saa mkononi ukiangalia rangi inavyobadilika. Ukienda msalani umeharibu. Ninyi mnapanga vichupa, mnabonyeza, mnaingia kwenye simu zenu. Ningesema siwaonei wivu ningekuwa mwongo.

Lakini Ansigari alikuwa na sheria moja ambayo mashine zenu hazijaifuta. Kabla hujaiuliza mashine, yaulize macho yako. Alikuwa akinisimamisha dirishani na kichupa mkononi.

"Rangi gani hiyo?"

"Njano, mzee."

"Njano ya majani makavu, au njano ya chai ya rangi?"

"Ya majani makavu."

"Na hiki kingine?"

"Hiki ni cha waridi."

"Basi kimwage, kamtoe damu upya. Chembe zimepasuka, zitakusema uongo."

Chembe nyekundu zimebeba ndani yake AST, kile kimeng'enya tunachokipima tukitafuta habari za ini. Zikipasuka humwaga, na mashine, ambayo haina akili ya kuuliza, inaandika kwamba ini linaumia. Niliwahi kupokea kichupa kutoka zahanati moja mbali, kimeletwa na kijana wa bodaboda ndani ya mfuko wa koti, njia ya mashimo, jua kali. Kilikuwa cha mzee wa kanisa wa Kilutheri aliyekuwa akilalamikia tumbo. Aliyekuwa zamu akakipima bila kukitazama, majibu yakatoka juu, na mdomo wa mtu mmoja ukapitiwa. Kufika Jumapili usharika mzima unanong'ona kwamba mzee wetu anakunywa kwa siri. Niliporudia kipimo kwa damu mpya alikuwa safi. Lakini umbea hauna kipimo cha marudio. Hadi leo mzee yule akiniona anavuka barabara, ingawa mimi ndiye niliyemsafisha. Kwa hiyo mtoe damu taratibu, msiisukume kwa nguvu kupitia sindano, msikitikise kichupa kama mnasukasuka maziwa, na mfunge midomo.

Sasa niingie kwenye lile swali la simu. Vimeng'enya vya ini hukaa ndani ya seli vikifanya kazi yake kimya. Seli ikiumizwa huvuja vikaonekana kwenye damu. AST na ALT ndivyo hivyo. GGT ina tabia yake, pombe hulifanya ini liitengeneze kwa wingi, hivyo kwa mnywaji wa kila siku hupanda ikakaa hukohuko juu. Nikiona AST imeipita ALT kama mara mbili na GGT iko mawinguni, pua yangu ilikuwa inaanza kunusa kilabu. Kunusa tu, sio kuhukumu. GGT hupandishwa pia na dawa za kifafa, na mafuta kwenye ini, na njia ya nyongo iliyoziba. Aliyewaambia kipimo kimoja kinamjua mlevi amewadanganya.

Mtu akiacha kunywa, AST hulegea mapema, siku chache tu unaona inateremka. ALT hufuata. GGT ni kama ndugu wa mbali aliyekuja msibani, haondoki upesi. Baada ya wiki mbili tatu inaweza kuwa imebaki nusu, na kufika kawaida huchukua mwezi, miwili, pengine zaidi kwa aliyekunywa sana. Ndiyo maana waliojaribu kunidanganya walinaswa. Kuna bwana aliyekuwa akiacha kunywa siku tatu kabla ya kila kipimo, anakuja ameoga, amenyoa, anatembea kama bwana harusi. AST yake nzuri nzuri. GGT inamsubiri mlangoni.

Mwingine, ambaye mwajiri wake alitaka kujua kama kweli ameacha, alimtuma mdogo wake aje kutoa damu kwa jina lake. Mdogo mtu alikuwa mwinjilisti. Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, "Kwa siku unakunywa kiasi gani?" Akajibu, "Sijawahi kuonja, Bwana asifiwe." Kisha akakumbuka siku ile yeye ni nani, akaanza kukohoa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwinjilisti ni fupi zaidi.

Lakini aliyenifundisha kitu ni babu mmoja wa Kyerwa ambaye GGT yake ilikataa kabisa kushuka. Ameapa kwa daktari, ameapa kwa padri, mkewe naye ameapa upande wake. Nikamwita pembeni.

"Babu, una hakika umeacha?"

"Mwanangu, pombe nimeacha kabisa. Siku hizi nakunywa lubisi tu."

Wala hakuwa anadanganya. Kwetu lubisi, ndizi zilizokanyagwa pamoja na nyasi zikachachushwa na mtama, haihesabiwi pamoja na bia na gongo. Ni chakula, ni salamu, ni kitu cha kuombea radhi. Mtoto hupewa jina ikiwepo, mchumba haposwi bila hiyo. Tangu siku ile sikumuuliza tena mtu wa Karagwe kama anakunywa pombe. Niliuliza, "Mchana huwa unakunywa nini? Na jioni?" Halafu nakaa kimya, nasikiliza orodha yake mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo.

Nimezunguka sana. Ukweli ni kwamba niliposhika kalamu nilikuwa nataka kuandika habari za mtu mmoja. Ameniruhusu, ila jina nimembadilishia, na la mkewe pia. Tumwite Felisian.

Alikuwa mkulima wa kahawa upande wa Kyerwa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mabega ya kubebea magunia. Alikuwa akianza na gongo asubuhi kabla ya kunawa uso. Mkewe, Leokadia, alivumilia mpaka siku aliyomkuta amelala shambani mvua inamnyeshea na mtoto wao mdogo amekaa kando yake analia. Akachukua watoto wote, akarudi kwao Nkwenda. Haikupita muda Felisian akaletwa hospitali akitapika, macho yamekuwa ya njano.

Daktari wake alikuwa binti mmoja mdogo tu kwa umri, Daktari Neema, mwenye sauti ya chini ambayo wanaume walikuwa wanaitii bila kujua sababu. Alimlaza wodini, na hata kutapika kulipokoma hakumruhusu kutoka haraka. Mnywaji mkubwa akikatisha ghafla anaweza kutetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, akapata degedege na kufa. Msije mkamwambia mtu wa aina hiyo aende nyumbani akaache peke yake. Kuacha ni lazima, lakini aache akiwa mikononi mwa watu.

Damu yake ya kwanza ilikuwa na GGT ya juu kiasi kwamba mashine ilikataa kuisoma, nikaizimua kwa maji ya chumvi nikapima tena. Nilijisemea, huyu hamalizi mwaka.

Alikiponyoka kifo. Akatoka wodini, akawa anarudi kila alipopangiwa. Majibu alipewa na daktari kama inavyotakiwa, lakini kila akitoka huko alipita kwenye dirisha langu, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Imeshuka tena."

"Marahaba. Nimefurahi."

"Ni wewe unayeishusha?"

"Ni wewe mwenyewe. Mimi naisoma tu."

Kisha hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje, lile la wanaosubiri, ingawa hakuwa na anachosubiri. Siku moja nilitoka na chai yangu nikaketi karibu naye, nikamuuliza kwa nini haendi kuwahi gari la Kyerwa. Aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisoma katika kitabu chochote cha kazi yetu.

"Mzee, pombe niliiacha mara moja. Watu ndio wananiacha polepole."

Akanieleza. Kilabuni wanasema amejiona bora. Wenzake aliokua nao wakimwona njiani wananyamaza mpaka apite. Kwenye misiba, wanaume wakikaa na kibuyu chao, yeye anajikuta jikoni anapasua kuni pamoja na wanawake, maana huko angalau anapewa kazi. Jioni ni ndefu. Nyumba haina mke wala watoto. "Natoka shambani nazungumza na mbuzi," akasema, akajaribu kucheka.

Mke wangu alikuwa na mwaka tangu tumzike, nami jioni zangu nilizijua. Nilikuwa nachelewa kufunga maabara makusudi, nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Kwa hiyo tulikaa tu, watu wawili wasio na mahali pa kuwahi, tukanywa chai ile kwa kupokezana kikombe. Nilimpenda tangu siku ile. Naliandika wazi kwa sababu wanaume wa kwetu hatuambiani.

Ikafika siku ambayo vyote vilikuwa kawaida. AST, ALT, hata GGT yenyewe. Niliyaangalia majibu mara mbili, nikakiangalia kichupa dirishani kama alivyonifundisha Ansigari, njano ya majani makavu. Felisian alipopita kwenda kwa daktari nilishindwa kujizuia, nikamtabasamia kwenye kioo. Nilitaka ajue.

Alitoka akiwa na uso mwingine. Daktari Neema alikuwa amempiga picha ya tumbo kwa mashine ya mawimbi, na ini lilikuwa na makovu mengi. Kwa ombi la Felisian alituita wote wawili, akatueleza taratibu.

"Vimeng'enya vinaonyesha seli zinazoumia leo," alisema. "Kovu haliumii tena, kwa hiyo halivuji. Majibu haya mazuri ni ya kweli, Felisian, yanasema umeacha kulipiga ini lako. Hayasemi kwamba ini limerudi kama zamani."

"Kwa hiyo nimejisumbua bure?"

"Hapana. Sehemu iliyobaki inaweza kukubeba miaka mingi ukiitunza. Ukirudi kwenye pombe, hata kidogo kidogo, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Jambo hilo nilikuwa nimelisoma chuoni nikalijibu kwenye mtihani nikapata alama. Kulisikia mbele ya mtu unayempenda ni kusoma upya. Nanyi msifurahie namba peke yake. Ini lililochoka sana linaweza kutoa majibu mazuri kuliko lenu.

Wiki chache baadaye alinijia na habari nyingine. Baba mkwe wake, Mzee Balthazari, alikuwa ametuma neno: kama kijana anataka mke wake, aje kumfuata kwa utaratibu. Utaratibu mnaujua, na msioujua mtaujua mkioa. Mke aliyerudi kwao kwa kukosewa hafuatwi mikono mitupu. Mume huja na lubisi iliyotoka kwenye migomba yake mwenyewe, huja na msemaji wa kumwombea radhi, na kabla wakwe hawajainywa, mwenye pombe huonja kwanza mbele yao. Pombe isiyoonjwa na aliyeileta ni pombe ya mtu mwenye kinyongo. Hainyweki, na mke haondoki.

Akasogea karibu zaidi na dirisha.

"Mzee, nikionja funda moja tu, mashine itaniona?"

Ningeweza kumtisha. Nilimwambia ukweli. "Haitakuona. GGT haipandi kwa funda moja."

Akainamisha kichwa. "Hicho ndicho ninachokiogopa. Nikishajua haioni, nitaonja la pili."

Akaniomba niwe msemaji wake. Kaka yake alikuwa amekataa, amesema hasindikizi pombe ambayo mwenye kuileta hawezi kuinywa. Mimi si mnywaji, tangu kipaimara sijagusa, wala si msemaji. Ni mtu niliyezoea kuongea na vichupa. Lakini nilikubali kabla hajamaliza kuomba, na nilifurahi kwa kuhitajiwa.

Lubisi ile aliitengeneza peke yake. Alikata mikungu, akaivundika, akaikanyaga kwenye mtumbwi wa kukamulia, akachanganya mtama, akafunika. Jioni moja, lubisi ilipoanza kuchachuka, alinipigia simu.

"Inatoa povu, mzee. Nyumba nzima inanukia. Ongea na mimi kidogo."

Tukaongea juu ya mnyauko wa migomba, na mbuzi wake mmoja anayekula kamba. Hatukuitaja pombe. Alipoacha kuhema kwa haraka alisema ahsante, akakata. Kuijua kama imeiva ni lazima mtu aionje, akamwita bibi jirani akamwonjea.

Tulikwenda Nkwenda kwa bodaboda mbili, pombe ikiwa kwenye madumu ya njano ya mafuta ya kula, na kibuyu kimoja cha heshima nimekipakata mimi kama mtoto mchanga. Wakwe walikuwa wamekwisha kukaa. Mzee Balthazari katikati, amevaa koti, wazee wenzake pembeni, watoto wake wa kiume wamesimama ukutani na nyuso za kesi. Tukapewa punje za kahawa za kutafuna, za kukaribishia mgeni. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia, na chini ya pazia niliona miguu ya mwanamke imesimama bila kutikisika.

Nikasema maneno ya kuomba radhi niliyoyakariri njiani, nikasahau nusu. Mzee Balthazari akaniacha nimalize.

"Wewe ni mtu wa hospitali," akasema. "Huyu kijana ameacha kweli?"

Nikamtazama Felisian, maana siri ni yake. Akatikisa kichwa kukubali. "Waambie yote, mzee."

Nikawaambia. Kwamba damu ya mtu anayekunywa ina alama zake, na alama zile kwa mkwe wao zilikuwa juu kupita kiasi, zikashuka mwezi hadi mwezi, sasa ziko kama za watu wengine. Haiwezekani zishuke hivyo kwa mtu anayeendelea.

"Kwa hiyo amepona," akasema mmoja wa wazee, akinyoosha mkono kuelekea kwenye kibuyu.

"Hapana, mzee wangu. Ameacha kuumia. Ini lake lina makovu ambayo hayatoki. Akirudi kunywa litamwua."

Pazia likatikisika kidogo.

Mzee Balthazari alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha. Hakuwa mtu mbaya. Niliona anatafuta njia na wenzake wanamtazama. Mwisho akasema kama wasemavyo wote, "Utaratibu ni utaratibu. Mwenye pombe aonje."

Felisian akakichukua kibuyu kwangu. Akakishika kwa mikono miwili, harufu ikampanda usoni, akafumba macho. Nilinyanyuka.

"Mzee, niruhusu nionje mimi kwa niaba yake."

"Kaa, mtu wa hospitali. Tunakuheshimu. Lakini hii haikutoka nyumbani kwako."

Nikakaa. Sijawahi kujisikia sina kazi kama dakika ile. Felisian akakiinua kibuyu mpaka kifuani. Nilijua hatakiweka chini, kwa sababu alimtaka mke wake, na nilijua funda lile lingempeleka wapi.

Pazia likafunguliwa. Leokadia akatoka, mwembamba kuliko nilivyofikiria, kitenge kimefungwa kwa kazi. Akapiga magoti mbele ya wazee akawaamkia mmoja mmoja, kisha akageuka na kukitoa kibuyu mikononi mwa mume wake, bila kumtazama. Akanywa funda moja. Akafuta mdomo kwa kiganja, akampelekea baba yake.

"Imetoka kwetu," akasema. "Kunyweni."

Mzee Balthazari hakunyoosha mkono. "Kwetu wapi?"

"Kwa Felisian. Migomba hiyo niliipanda mimi."

Mzee akapokea, akanywa, akampa wa pembeni, na wale vijana ukutani wakatafuta pa kukaa. Felisian alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanacheza. Mkewe alisimama kando yake, akamwekea mkono mgongoni, bado hamtazami.

Wako pamoja hadi leo. Vipimo vyake sasa mnavisoma ninyi, ingawa kwa jina nililompa hamtamjua. Akipita mtu dirishani akawaambia imeshuka, msimjibu "kawaida" mkaendelea na simu. Mwulizeni kwake hawajambo. Huenda ndilo swali pekee aliloulizwa siku hiyo.

Siku ile ya ukweni walirudi Kyerwa jioni hiyohiyo na watoto, bodaboda tatu. Mimi nikachukua gari la kwenda Kayanga, nimepewa kibuyu kidogo cha lubisi kama mgeni aliyefanya kazi nzuri. Nilipofika nyumbani nilikiweka mezani, maana mimi sinywi, nikasema nitamkaribisha atakayekuja. Kilikaa hapo mpaka lubisi ikawa siki, hata nje ya mlango nikawa naisikia harufu yake. Hapakutokea mtu wa kuionja.